Magharibi ya Kwenye Karatasi

Naznin Khandakar alikuwa na tabia moja ambayo wenzake ofisini Dhaka waliicheka miaka nenda miaka rudi. Hakusaini jengo la serikali kabla hajachuchumaa chooni mwake. Nguo kamili mwilini, sari ameikusanya magotini, mlango kaufunga kwa ndani, anachuchumaa na kujiuliza: goti litagonga ukuta? Ndoo ina pa kukaa? Mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa atainuka mwenyewe au ataita watu?

"Wenzangu wamepewa mahakama na makumbusho," alizoea kusema. "Mimi serikali imenipa vyoo, na vyoo nitavichora sawasawa."

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa, amechuchumaa katika choo cha kwanza cha ghorofa ya juu, kwenye hospitali mpya ya wazazi ya Nageshkura, jioni aliyofika kuikagua. Goti halikugonga. Ndoo ilipata pa kukaa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, mawingu yakapasuka, na kupitia tundu la hewa ukutani jua linalozama likampiga machoni moja kwa moja.

Akabaki vilevile, amechuchumaa, mkono umekinga uso.

"Mungu wangu," akasema.

Kwetu Bengal jua huzama upande wa kibla. Wala hatuna haja ya kusema kibla; tukisema magharibi kila mtu ameelewa. Ukilala hunyooshi miguu magharibi. Hutemi mate magharibi. Na chooni huelekei huko wala huipi mgongo, hata kama umebanwa namna gani. Mtoto hulijua hili kabla hajajifunza kufunga vifungo vya shati, na msanifu wa kwetu hawezi kulikosea hata akiwa na homa, kwa sababu mkono wenyewe unakataa kuchora.

Tuni, maana nyumbani jina lake ni Tuni na ndilo tutakalomwita, alitoka akaingia choo cha pili, akatoka akaingia cha tatu. Vyote kumi na viwili vilitazama jua. Akakimbilia varanda, ile varanda aliyoipigania ofisini mwaka mzima ili itazame kusini na wazazi wapate upepo. Hapakuwa na upepo. Jua lilikuwa limejaa hapo lote, jekundu, linazama mbele yake.

Jengo lilikuwa limegeuzwa robo nzima.

Mhandisi Mokhlesur, msimamizi wa ujenzi wa serikali pale wilayani, alikuwa chini katika chumba cha dawa ambacho bado hakikuwa na dawa. Alikuwa anakula fenesi na mkandarasi juu ya gazeti, vidole amevipaka mafuta ya haradali ili utomvu usimgande.

"Karibu, madam! Fenesi tamu hili. Vipi, vyoo vimefaulu mtihani?"

"Nani amegeuza jengo langu?"

"Kugeuza?"

"Varanda ilitakiwa itazame kusini. Inatazama magharibi. Mmelizungusha. Nani?"

Mkandarasi akakumbuka kwamba ana shughuli nje, akatoka na kipande chake mkononi.

"Ah, hilo," Mokhles akasema. "Mheshimiwa mbunge alikuja siku tunapima kiwanja. Akaiangalia ramani, akasema, yaani hospitali inaipa barabara ubavu? Jina langu ukutani litasomwa na nani, ng'ombe? Tukaigeuza kidogo ikaitazama barabara. Ramani ni ileile, madam. Hata tofali hatukuongeza."

"Hukuniandikia."

"Ningekuandikia ungekataa."

"Na vyoo, Mokhles? Umevigeuza na vyoo."

Tuni alimwona akielewa. Mkono wenye fenesi ulisimama njiani kuelekea mdomoni. "Astaghfirullah," mhandisi akasema polepole. Halafu fenesi likaendelea na safari yake. "Vyote?"

"Kumi na viwili."

"Si mtu anaweza kukaa kiubavuubavu kidogo?"

"Mjamzito? Kwenye choo cha kuchuchumaa? Wewe umewahi kubeba mimba, mhandisi?"

"Basi tugeuze masinki ya vyoo."

"Vyumba ni vyembamba. Ukiligeuza sinki, goti linaingia ukutani. Inabidi kuta zivunjwe, kila vyumba vitatu viwe viwili, na mabomba yahamishwe."

Mokhles akafuta vidole kwa gazeti, kimoja kimoja. "Madam, tuko Juni."

Alikuwa amesema yote. Juni serikalini kwetu si mwezi, ni ugonjwa. Mwisho wa Juni mwaka wa fedha unafungwa, na pesa ambayo haijalipwa inarudi Dhaka isionekane tena. Kwa hiyo Juni barabara zinamwagwa lami kwenye mvua, na kitu ambacho hakijaisha kinatangazwa kuwa kimeisha. Waziri alikuwa anakuja kuifungua hospitali Alhamisi. Mkandarasi hakuwa amelipwa fungu la mwisho, na hakuweza kulipwa bila saini ya msanifu.

"Saini, tufungue," Mokhles akasema. "Halafu tutaomba fungu la matengenezo."

"Wewe umewahi kuliona fungu la matengenezo?"

"Nimewahi kulisikia."

Ingekuwa wilaya nyingine, Tuni angewasha moto jioni ileile. Ana hasira za karibu, na ofisini wanamjua. Lakini Nageshkura ni kwao. Baba yake alizaliwa ng'ambo ya mto, kwenye visiwa vya mchanga ambavyo mto unavila na kuvitapika upya kila mwaka, na huko bado anaishi shangazi yake, Monowara. Mkaza mwana wa shangazi huyo, Shefali, alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote.

Mimba ya kwanza Shefali alizalia nyumbani, kwa sababu shangazi hakutaka kusikia habari za hospitali. Mtoto alikufa, na Shefali alitoka damu mpaka godoro likatupwa. Safari hii alikuwa amevimba miguu na kichwa kinamuuma kila siku. Tuni alipiga simu mwezi mzima kumbembeleza shangazi. Alibembeleza, akatishia, akalia. Mwisho shangazi akasema, "Haya. Nitamleta, kwa kuwa nyumba hiyo umeichora wewe. Mtoto wa kaka yangu hawezi kunichorea nyumba ya haramu."

Na shangazi huyo ndiye aliyewahi kutengua kitanda chake cha arusi akakigeuza, kwa sababu aliambiwa kimepotoka kidogo na miguu inakaribia magharibi. Akisikia kwamba katika hospitali ya Tuni mtu hawezi hata kujisaidia bila kuidhalilisha kibla, atamshika Shefali mkono na kurudi naye kwenye mashua siku hiyohiyo. Na Shefali akirudi kwenye mashua, Tuni alijua atazikwa hukohuko.

Kwa hiyo alinyamaza. Si kwamba alikubali kusaini. Alimwambia Mokhles, "Nitaona," na kwa siku zilizofuata aliitembeza ile hati ya kukabidhi jengo ndani ya mkoba, akipanda ngazi na kushuka ngazi, akipima madirisha ambayo yalishapimwa. Alikuwa hawezi kukaa. Chai ilimpolea mezani. Akianza kula wali na dengu anakumbuka jambo, anainuka.

Mawingu yalikuwa yamefunga tena, mazito, mvua juu ya mvua. Banda la mabati lililokuwa wodi ya zamani ya wazazi likaingia maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Daktari, Sabiha, mwanamke asiyengoja ruhusa ya mtu, akawahamishia wagonjwa wake kwenye jengo jipya bila kumsubiri waziri. Siku hiyo hiyo, alasiri, ndipo shangazi Monowara alipoingia wodini na Shefali.

Shangazi alikuwa amejitanda nailoni juu ya baibui, mdomo umejaa tambuu, mkononi kikopo cha tambuu nyingine. Aliugonga ukuta kwa ngumi.

"Ukuta mzuri. Ila madirisha haya yote, Tuni, tunauza samaki?"

"Ya upepo, shangazi."

"Upepo wenyewe uko wapi?"

Tuni akageukia kitanda cha Shefali. Nesi Anima, mgeni aliyehamishiwa pale juzi kutoka Khulna, alikuwa anampima Shefali presha. Alipima, akapima tena, akamwita daktari. Daktari Sabiha akamvuta Tuni kando. "Huyu hatoki hapa," akasema. "Presha yake ni ya kuua. Asiondoke hata kama mama mkwe wake analia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Aliporudi kitandani, Shefali alikuwa anamtabasamia, uso umevimba. "Wifi, kitanda kina gurudumu! Nikichoka na mama nitajisukuma mwenyewe niende."

"Utakwenda wapi na tumbo hilo?" shangazi akamwambia, lakini alicheka. Alikuwa ametoka kutia udhu kwenye mabomba ya vyooni, mikono inachuruzika. Akakunjua mswala wake, akautazama ukuta huu, akautazama ule. "Tuni, magharibi ni wapi humu? Alasiri inanipita. Hizi ngazi zako zimenizungusha kichwa, na jua tangu Ijumaa hatujaliona."

Tuni alifungua mdomo.

Magharibi ilikuwa varandani, mbele yao. Akinyoosha mkono huko, shangazi aliyetoka vyooni sasa hivi atapiga hesabu kabla hajaleta takbira. Shefali alikuwa anamtazama, bado anatabasamu. Nesi alikuwa anaandika kipimo.

Mkono wa Tuni ukainuka, ukaelekea ukuta wa kulia. Ndipo magharibi ilipokuwa kwenye ramani yake, ile aliyoichora mwenyewe kabla mtu yeyote hajaigusa.

"Huku, shangazi."

"Allah akuzidishie," shangazi akasema, akatandika mswala kuelekea kaskazini.

Tuni alitoka kabla shangazi hajarukuu. Alishuka ngazi mpaka chini, akapanda, akashuka tena. Sikusema uongo, alijiambia, nimesoma ramani. Alijirudia hivyo mpaka maneno yakakosa ladha.

Alidhani litaishia hapo. Lakini wodi ya wazazi ni wodi ya wazazi. Waliojifungua hawasali mpaka watoharike, ila kila mzazi ana mama mkwe, na kila mama mkwe ana swala tano. Kesho yake walikuwa wengi, wote wametoka visiwani kwa mashua na baiskeli za magurudumu matatu zilizofunikwa turubai, wote wamezungushwa na ngazi, wote wanauliza magharibi iko wapi.

"Niulizeni mimi," shangazi Monowara aliwaambia kwa sauti ya mwenye nyumba. "Aliyelichora jumba hili ni mtoto wa kaka yangu. Amenionyesha kwa mkono wake."

Mafundi rangi kutoka Rangpur walikuwa bado wanamalizia korido. Shangazi aliwaita mlangoni, akawapa tambuu, na Tuni aliporudi kutoka kwenye chai alikuta ukutani mshale wa kijani, mrefu kama mkono, umenyooka vizuri, umepigiwa rula. Chini yake wanawake sita walikuwa wamesujudu kuelekea milima ya Bhutan.

"Umependeza?" shangazi akamwuliza baada ya salamu. "Nimewaambia wauchore uonekane hata na mwenye mtoto wa jicho."

"Umependeza, shangazi," Tuni akasema.

Kuanzia hapo alikuwa anaamka kwenye nyumba ya wageni ya serikali na kitu cha kwanza ni kukimbilia dirishani kuangalia mbingu. Wilaya nzima ilikuwa inaomba jua likaushe mpunga uliolowa. Yeye aliomba mawingu. Kila adhana ilipopanda kutoka vipaza sauti vya sokoni, ikaja kutoka pande zote na kutoka hakuna upande, alijua juu kule wanawake wanatandika mikeka, na miguu yake ilikuwa haimpi raha mpaka ahesabu kwamba sasa wamemaliza. Mara mbili alipanda ili aseme. Mara zote mbili alikuta Shefali amelala, mkono wa shangazi juu ya paji la uso wake, akashuka.

Jumanne mchana Shefali alipigwa na degedege. Tuni aliusikia mlio wa kitanda, yale magurudumu Shefali aliyoyasifu, kikisukumwa mbio koridoni. Daktari Sabiha hakupandisha wala kushusha sauti. Alisema tu fungueni mlango, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa nyuma yake. Shangazi aliketi sakafuni, tasbihi mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Tuni amjue, hakuwa na tambuu mdomoni.

Alikuwa mtoto wa kike. Alilia kwa hasira, kama aliyedhulumiwa. Shefali alipumua, akaendelea kupumua.

"Angekuwa kwenye mashua," daktari akasema akivua glavu, "leo mngezika wawili."

Shangazi alimkumbatia Tuni mpaka miwani ikaanguka. Alilia kwa sauti mbele ya wodi nzima. Akafungua kikopo, akakunja tambuu kubwa, akamlisha Tuni kwa mkono wake kama anavyolishwa bi arusi. "Nyumba yako imenipa mjukuu," akasema. "Mimi mjinga niliyekuwa naiogopa." Tuni alitafuna huku machozi yanamtoka, na shangazi akadhani ni ya furaha. Nusu yalikuwa ya furaha.

Jumatano Mokhles alipita wodini na watu wa itifaki wa waziri, akipiga hodi na kukohoa ili wanawake wajifunike. Akauona mshale. Alisimama, akatazama varanda, akatazama tena mshale. Alimpata Tuni kwenye ngazi na alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Madam, mimi nakuvulia kofia. Kopo moja la rangi! Umeokoa kuta zote za vyoo kwa kopo moja la rangi. Mimi nililigeuza jengo, wewe umeigeuza kibla!"

"Nyamaza."

"Kwani nasema vibaya? Kila mtu ana amani. Mama zetu wanasali, vyoo viko upande wa halali, kesho waziri anakata utepe. Saini basi. Au unataka niende nikawaeleze mimi?" Alisema hilo la mwisho bado anacheka, lakini macho hayakucheka.

Tuni alimpita, akapanda. Alikwenda akasimama kwenye dirisha la korido na hati mkononi. Shefali amepona. Wiki ijayo atavuka mto na mtoto wake, na shangazi, na hawatajua kamwe. Dhambi imeshatendwa, kusaini hakutaiongeza hata kidogo. Kesho kutwa yeye atakuwa Dhaka kwenye meza yake. Alifungua kalamu. Akaifunga. Akasema moyoni, ngoja kwanza niwaage, nitasaini nikishuka.

Alipita kwa nje, kwenye varanda, ili asipite mbele ya vitanda vyote. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Alifika kwenye mlango wa wodi na ndipo akahisi joto mgongoni.

Aligeuka. Mawingu yalikuwa yamepasuka toka juu mpaka chini, na jua lilikuwa limesimama juu ya mashamba ya jute ya kushonea magunia, jeupe, safi, limeoshwa na mvua ya wiki nzima. Lilimpita yeye, likaingia wodini, likatandika sakafu mpaka kwenye miguu ya vitanda.

Ndani wanawake watano walikuwa wamesimama chini ya mshale, shangazi Monowara katikati, mikono imefungwa kifuani. Jua lilimpata shavu la kushoto. Midomo yake ilikuwa inakwenda, ikasita. Hakugeuza kichwa. Jicho moja tu lilisogea, likaenda kwenye mwanga, likakaa huko.

Tuni alitamani dari ianguke.

Shangazi hakuikata swala. Alianza kugeuka. Akivuta mguu mmoja, akaufuata na mwingine, magoti yake mabovu yanalia, mikono bado imefungwa kifuani, aligeuka kidogo kidogo kuelekea kushoto mpaka jua likamjaa usoni. Mwanamke wa pembeni yake aliona, akageuka. Na wa tatu. Na wa nne. Wa mwisho alikuwa mzee asiyeona vizuri, jirani akamshika bega akamgeuza. Robo nzima, ileile.

Sasa wote walikuwa wanamtazama Tuni, aliyesimama mlangoni na karatasi mkononi. Akaruka pembeni, maana hakusimamwi mbele ya mtu anayesali, akajibanza ukutani mpaka wakatoa salamu.

Shangazi aliukunja mswala polepole. Hakufoka. Ingekuwa heri angefoka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile nilipokuuliza, ulijua?"

"Kabla ya siku ile, shangazi."

Shangazi akautazama mlango wa vyoo. Akatazama jua. Vidole vyake vikapiga hesabu juu ya tasbihi. "Na vile?"

"Ndiyo. Na vile."

 Shefali alikuwa ameinua kichwa kwenye mto. Tuni alisema haraka, kabla ujasiri haujamkimbia: "Ningekuambia ungemrudisha nyumbani."

"Ningemrudisha," shangazi akasema. Akamtazama mtoto. "Ningemrudisha, na leo ningekuwa nimeshamzika. Hilo nimeliona. Usidhani sikuliona." Akafuta uso kwa pindo la mtandio. "Swala zangu hazina neno. Niliuliza mtu ninayemwamini, na mwenye kuuliza hana lawama. Lawama ni ya aliyejibu. Hiyo utamalizana na Mola wako, mimi simo."

"Naijua, shangazi."

"Sawa. Sasa niambie. Kesho atakuja mtoto wa watu, wa kutoka kisiwani kama huyu wangu. Jua litakuwa linawaka. Ataingia chooni, atatoka, atamwambia mama mkwe wake. Na mama mkwe wake atakuwa ni mimi, Tuni. Mimi wa mwezi uliopita. Atamfungasha kwenye mashua. Huyo naye ana wifi aliyechora hospitali, wa kumdanganyia?"

Tuni alitikisa kichwa.

"Basi vigeuze."

"Shangazi, hilo ni zege. Waziri anakuja kesho. Pesa zinafungwa, mabomba yako chini ya sakafu, kuta..."

"Tuni." Shangazi alijishika magoti yote mawili, kama anayeonyesha bidhaa sokoni. "Mimi na magoti haya nimegeuka katikati ya swala, na swala haikukatika. Choo ni nani asigeuke?"

Chini, Mokhles na mkandarasi walikuwa wanamngoja kwenye mlango mkubwa, chini ya utepe mwekundu uliokuwa tayari umefungwa. Mokhles alishika kalamu yake mwenyewe, ameshaifungua.

"Umesaini, madam?"

"Naomba nyundo."

"Nini?"

"Nyundo. Kubwa. Sisaini mpaka vyoo vyote viwe vimegeuka, na nisiposaini halipwi mtu. Juni ikiisha, imeisha."

"Wewe umerukwa na akili! Waziri aje akute kifusi?"

"Akikute. Akiuliza, mbunge atamweleza kwa nini barabara haipewi ubavu."

"Nitawaambia wale wanawake mshale ule ni wa nani."

"Wameshajua. Wamegeuka wenyewe."

Mokhles alibaki na kalamu hewani. "Watakuhamishia milimani, Naznin. Bandarban. Utachora vibanda vya askari mpaka ustaafu."

"Milimani pia watu wanajisaidia."

Mkandarasi, ambaye siku zote hizo hakuwa amesema neno, alikuwa anahesabu kimya siku zilizobaki za Juni. Alimtazama Mokhles, akamtazama Tuni, akakohoa. "Nyundo iko kwenye gari," akasema, akaenda kuichukua.

Tuni alipanda nayo mwenyewe. Ilikuwa nzito na ilimgonga mguu kila ngazi. Aliingia choo kile cha kwanza, kile alichochuchumaa siku ya kwanza, akajifunga pindo la sari kiunoni, akaupiga ukuta. Haukuvunjika, ulitoa vumbi tu. Akaupiga tena, na mafundi wakaja wakampokea.

Wodini, mtoto wa Shefali alishtuka kwa kishindo, akaanza kulia. Nesi Anima alitaka kwenda kuufunga mlango.

"Mwache alie," shangazi Monowara akasema, anakunja tambuu. "Nyumba yake inageuka."